Moto Unaotosha Yai

Msomaji, huenda ukacheka ukiona insha nzima imeandikwa juu ya kuchemsha yai. Utasema kuwa jambo hilo hujulikana na kila mtoto aliyewahi kuingia jikoni, na kwamba vitabu vya shule viliwekwa kwa mambo makubwa zaidi. Nakuomba usubiri kidogo. Mambo makubwa aghalabu hujificha katika mambo madogo, kama jogoo alivyojificha katika yai. Tukilipasua ganda la jambo hili dogo tutakuta ndani yake swali ambalo wenye hekima na wenye mamlaka wamelishindania siku nyingi, nalo ni hili: Je, mtu ana haki ya kupoteza kilicho chake?

Nitaliuliza swali hili katika nchi ya Ukambani, pande za Kitui na Makueni, kwa sababu huko nchi yenyewe humlazimisha mtu kulijibu. Ni nchi ya jua kali na mvua haba. Misimu yake ya mvua ni miwili, mmoja wa Machi hadi Mei, na mwingine wa Oktoba hadi Desemba ambao wakulima huutegemea zaidi. Lakini si mara moja wala mbili msimu umekuja na mawingu ukaondoka nayo. Mito mingi hukauka, na watu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji yaliyobaki chini yake. Migunga hukua polepole, kwa kuwa kila mti hungojea mvua kama mwanadamu anavyoingojea. Mahali penye maji tele na misitu minene mtu aweza kuishi miaka mingi bila kujua kama yeye ni mbadhirifu. Ukambani atajua kabla ya jua kutua.

Basi na tuanze jikoni, maana falsafa isiyoweza kuingia jikoni haina faida kwa mwenye njaa.

Chukua mayai yako uyapange ndani ya sufuria yasipandane. Mimina maji baridi mpaka yayafunike na kuzidi kwa upana wa kidole kimoja. Yai litakaloelea juu ya maji liweke kando, kwa sababu ni la siku nyingi: maji yake yametoka kupitia vitundu vya ganda lake, hewa ikaingia mahali pake, nalo likawa jepesi. Funika sufuria, uitie motoni, ungoje maji yachemke kwa nguvu. Hapo ndipo njia za watu hutengana. Mmoja huongeza kuni ili maji yarukeruke na kifuniko kicheze ngoma. Mwingine hutoa kuni au huepua sufuria, akaiacha imefunikwa mahali pasipo upepo, akaenda kufanya kazi nyingine kwa muda wa robo saa. Akirudi hukuta mayai yameiva. Huyatia katika maji baridi ili yaache kupikika na ganda lipate kubanduka vizuri. Maji aliyochemshia huyatumia kuoshea vyombo, au huyaacha yapoe akaumwagilia mche wa mpapai ulio nyuma ya nyumba.

Ni nani kati ya wawili hawa aliyepika vizuri zaidi? Jibu la haraka ni kuwa wote wawili wamepika, kwa maana mayai yote yameiva. Lakini ujuzi wa sayansi unatuambia neno jingine. Maji yakichemka katika sufuria ya kawaida hayapandi joto tena, hata ukiyawashia msitu mzima. Mombasa, palipo sawa na bahari, huchemka katika digrii 100 za Selsiasi. Mji wa Kitui uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na huko maji huchemka karibu na digrii 96. Yakifika hapo yamefika. Moto utakaoongezwa hauongezi joto la maji. Huongeza mvuke na kelele tu. Na yai lenyewe halihitaji hata joto hilo lote. Ute wake huanza kuganda joto likipita digrii 60 kidogo, na kiini hukaza karibu na digrii 70. Maji yaliyochemka na kufunikwa vizuri hushika joto la kutosha kuimaliza kazi hiyo. Kwa hiyo yule aliyeongeza kuni hakuliongezea yai kitu chochote. Alichoongeza ni majivu.

Nitakupa mfano, na uone kama si mfano wa nyumba unayoijua. Tuseme msichana wa upande wa Mutomo anachemsha mayai sita, chakula cha njiani cha kaka yake anayerudi shuleni. Ameweka vipande vinne vya kuni kati ya mafiga matatu, maji yamechemka, naye anainama kuweka cha tano. Nyanya yake aliyeketi mlangoni anainuka pasipo kusema neno, anavuta vipande viwili na kuvizika ncha mchangani.

"Nyanya, mbona unauzima moto na mayai bado?" anauliza msichana.

"Mjukuu wangu, maji yamekwisha kusikia. Kwa nini uendelee kuyapigia kelele?"

"Lakini moto ukiwa mkubwa yataiva upesi."

"Yataiva kwa wakati wake. Kuni hizi nilizifuata ng'ambo ya mto. Zikiisha leo, ni nani atakayekwenda kesho, mayai au wewe?"

Msichana hakuwa mvivu, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na bidii. Lakini bidii yake ilikuwa imeipita kazi yake, kama mtu anayefukuza mbwa akaipita nyumba yake mwenyewe. Nyanya hakusoma juu ya digrii na mvuke. Aliyajua maji kwa sababu aliujua uzito wa mzigo mgongoni, na kamba ya mzigo huo katika kipaji cha uso wake.

Sasa turudi katika swali letu. Kuni zilikuwa mali ya nyumba ile. Hazikuibwa. Je, msichana angeziteketeza zote angekuwa amemkosea nani? Watu wengi hujibu kwa kusema, "Changu ni changu, nikitaka nakitumia, nikitaka nakitupa." Neno hili lina nguvu, na sitalidharau. Mtu aliyetoka jasho kwa ajili ya kitu hapendi kuamriwa na asiyetoka jasho. Lakini angalia vizuri, msomaji, utaona kuwa sentensi hiyo imefunga pamoja mambo mawili yasiyo ndugu. Kutumia ni jambo moja, na kuteketeza ni jambo jingine. Kitu hutumika maadamu kuna kazi kinachoifanya. Kazi ikiisha, matumizi yamekwisha pia, hata kama moto bado unawaka. Kipande cha kwanza cha kuni kilitumika. Kipande cha tano kingeteketea tu. Haki ya kutumia hutoka katika haja yetu; nayo haja ina mwisho. Haki ya kuteketeza hutoka wapi? Nimeitafuta shina lake sikuliona.

Zaidi ya hayo, kitu chetu si chetu peke yetu kama tunavyodhani. Mti uliotoa kuni zile ulioteshwa na mvua zilizonyesha kabla ya msichana kuzaliwa. Kivuli chake kilikuwa cha mbuzi na cha msafiri. Mizizi yake ilishika udongo wa shamba la jirani usichukuliwe na maji. Alipoukata mwenyewe alikuwa na haki, kwa kuwa mtoto hawezi kula mahindi mabichi wala mayai mabichi. Lakini haki hiyo ilikuja pamoja na deni, nalo deni ni kuhakikisha kuwa mti haukufa bure.

Najua utaniambia, "Haya yote kwa ajili ya kipande kimoja cha kuni? Kipande kimoja kitaiokoa nchi?" Wahenga walikwisha kujibu: bandu bandu huisha gogo. Walisema hivyo juu ya gogo moja. Wewe waza juu ya miti yote iliyoko kati ya Kyuso na Kibwezi. Tena simama siku moja katika kituo cha basi cha Emali au Mtito Andei, katika barabara kuu ya kwenda Mombasa. Utaona wauzaji wa mayai ya kuchemsha wakikimbilia madirisha ya mabasi, ndoo mkononi, chumvi na kachumbari tayari. Muuzaji anayechemsha trei ya mayai 30 kila asubuhi hahitaji mahubiri yangu. Faida yake ni ndogo, na makaa hununuliwa kwa fedha. Kila dakika moto unapowaka bila kazi, yeye huona senti zake zikipaa pamoja na moshi. Kipande kimoja cha kuni ni kidogo kwa anayekipoteza mara moja. Si kidogo kwa anayekihesabu kila siku.

Na hapa haki yataka tuseme jambo ambalo husahauliwa. Tunapozungumza juu ya ubadhirifu wa miti, vidole vyetu huwaelekea maskini: mama mwenye mafiga matatu, na mchoma makaa aliyejaa masizi. Kumbe mama yule ndiye mwekevu kuliko sote, maana huibeba gharama mgongoni. Mchoma makaa naye hamchomei mti nafsi yake. Gunia lake hupanda lori likaenda Nairobi au Mombasa, kwa mtu ambaye hakuuona mti ukianguka. Katika tanuri la udongo huteketea kilo kadhaa za mti ili ipatikane kilo moja ya makaa. Mnunuzi haoni hasara hiyo. Huona makaa tu, tena huona bei. Akiacha jiko lake liwake saa nzima baada ya chakula kuepuliwa, ni nani aliyeukata mti ule? Panga lilishikwa na mmoja, lakini liliagizwa na mwingine. Ubadhirifu huota vizuri zaidi pale ambapo mtumiaji amesimama mbali na kitu anachokitumia.

Wenye mamlaka wamejaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Mwezi wa Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, iliyoongozwa na Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya kutoa makaa na mchanga katika kaunti ile. Nia ilikuwa kuokoa miti na mito. Siku si nyingi baadaye lori moja la makaa lilichomwa moto, na ugomvi ukavuka mipaka ya kaunti. Palikuwa na wazazi waliokuwa wakilipa karo kwa fedha ya makaa, wakauliza walipe kwa nini sasa. Sisemi kuwa sheria ilikuwa mbaya. Nchi isiyo na sheria huliwa na mwenye shoka kali. Lakini sheria huweza kufunga barabara. Haiwezi kuingia katika kila jiko na kuvuta kipande cha tano. Hapo huweza kuingia dhamiri peke yake.

Ukamba una ushahidi wa zamani juu ya tofauti hii. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliona kuwa udongo wa wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na nchi tuiitayo leo Makueni, unaharibika. Ikasema kuwa ng'ombe ni wengi mno, ikawachukua kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kudai haki yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililazimika kuuacha mpango wake, ingawa Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Katika miaka iliyofuata watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nao waliyachimba kwa chuki. Walakini ukitembea leo katika milima ya Mbooni utaona matuta yamepangwa ubavuni mwa milima kama ngazi. Mengi kati yake yalichimbwa na wenye mashamba wenyewe baada ya amri kuondoka, kwa nguvu zao na za vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, walipokwisha kuona kwa macho yao kuwa udongo unaobaki ni chakula kinachobaki. Kazi ilikuwa ile ile. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mahali amri ilikotoka. Ilipotoka nje ilikuwa mzigo. Ilipotoka ndani ikawa akili.

Lakini nisieleweke vibaya. Sikufundishi ubahili. Kuna mtu mwingine anayestahili kulaumiwa sawasawa na mbadhirifu, naye ni yule anayeepua sufuria kabla maji hayajachemka ili asifu wingi wa kuni zake. Yai lake halitaiva. Ndani ya yai bichi huweza kukaa vijidudu vya salmonela vinavyoleta homa na kuhara, na mtoto mdogo aweza kufa kwa ugonjwa huo. Mtu akipunguza moto unaohitajiwa ameiba katika haja, kama vile mbadhirifu alivyoiba katika akiba. Wa kwanza hutoa kidogo kuliko haki ya kazi, wa pili hutoa kingi kuliko haki yake. Kati yao amesimama nyanya wa Mutomo, ambaye aliungoja uchemko wa kweli kabla ya kuvuta kuni. Hakuupenda moto mdogo wala hakuuchukia moto mkubwa. Aliitazama kazi, akaipa haki yake.

Yai lenyewe hutoa ushahidi. Lile lililokaa mno katika maji yanayochemka ukilikata utaona utando wa kijani kilichofifia umekizunguka kiini. Utando huo si ubovu. Joto lililozidi hutoa hewa yenye salfa katika ute, nayo ikikutana na chuma kilichomo katika kiini huacha alama ile. Kiini huwa kikavu kama unga na ute huwa mgumu kutafuna. Ganda halikuonyesha kitu; nje lilikuwa jeupe kama mengine. Lakini ndani moto uliozidi uliandika jina lake.

Ukiwa mwanafunzi utaukuta moto uliozidi mahali pengi mbali na jiko. Utamwona msomaji aliyefahamu somo lake saa mbili za usiku akaendelea kukodolea kitabu macho mpaka saa sita, ili aonekane kuwa na bidii, na asubuhi akalala darasani. Utamwona kaka mkubwa anayemwonya mdogo wake kwa kosa, mdogo akakiri na kulia, na kaka bado akaendelea na maneno makali. Onyo lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake pale machozi yalipotoka. Yaliyofuata yalikuwa kipande cha tano, na nani ajuaye utando ulioachwa katika moyo wa mtoto yule? Ganda halitaonyesha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nawe una haki ya kulipima. Mtu ana haki ya kutumia kilicho chake kwa kadiri ya kazi iliyo mbele yake, na hapaswi kuona aibu kwa kukitumia. Kazi ikiisha, kinachobaki mkononi mwake si chake peke yake tena. Ni amana ya siku ya kesho, ya jirani, na ya yule atakayekwenda ng'ambo ya mto. Hakuna askari atakayemkamata akiivunja amana hiyo. Kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana yampasa aitunze.

Siku utakapotumwa kuchemsha mayai, simama karibu na sufuria. Sikiliza maji. Yakianza kuunguruma tazama mkono wako umeshika nini, na ujiulize kama kazi bado ipo. Kama haipo, vuta kuni moja uizike ncha mchangani. Kesho utaikuta pale pale, imepoa, nusu nyeusi na nusu nzima, ikingojea kukupikia tena.